Kiti cha Melkiori

Aliyenipa habari ya kufariki kwa Mwalimu Ndimbo hakuwa mtu wa chuo wala wa ukoo wake. Alikuwa Domitila wa Kasulu. Nilikuwa barazani nachambua mchele, simu ikalia, na badala ya salamu nikasikia sauti yake ya milimani ikisema taratibu, "Dada Mwanaidi, leo huku kwetu hatukushika jembe." Nikaweka ungo chini. Mtu mwingine angedhani ni uvivu au mvua. Mie nilijua papo hapo kwamba kuna aliyekufa, na kwamba ni yule mtu mmoja ambaye nyumba ile ingeacha kulima kwa ajili yake ilhali si ndugu yao. Wanangu walinipigia kelele: mama, maziko yenyewe yameshapita, unakwenda Kasulu kufanya nini na magoti hayo? Nikawaambia wanyamaze, wao wamezaliwa juzi. Nikafunga kanga zangu nikapanda basi. Njia nzima nilikuwa namsikia Mwalimu akikohoa kile kikohozi chake kifupi, kile alichokuwa anakohoa kabla ya kuuliza swali.

Habari za kwetu Pangani na za walionizaa sitazieleza. Waliokufa wapumzike, na walio hai hawapendi kuandikwa. Nitaeleza mwaka mmoja tu, wa sabini na nne, nilipokuwa mwanafunzi wa ustawi wa jamii. Tulipomaliza masomo ya darasani tulitawanywa mikoani kwenda kujifunza kazi kwa vitendo, na cheti hakitoki mpaka mkufunzi akufuate huko huko akupime. Mie nilipangiwa Kasulu, rafiki yangu Edina akapangiwa Kibondo. Tulichotakiwa kupimwa kilikuwa kimoja, tukiambiwa tena na tena hadi masikio yakachoka: je, mwanafunzi huyu amejua kukaa na mtu asiyefanana naye, wa kabila jingine, dini nyingine, nchi nyingine, na kulinda haki zake bila kumgeuza awe kama yeye? Darasani mtihani huo niliupasua. Haki za binadamu nilikuwa nazitaja kama mtoto wa chuoni anavyosoma juzuu, huku natazama dirishani. Ujana bwana! Nilidhani nimemaliza.

Kasulu nilipanga kwa Bi Zuhura, mke wa mwenye duka, mwanamke mnene mwenye asili ya Ujiji na ulimi kama wembe. Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka, kinanuka mafuta ya taa na kanga mpya, na ukutani palikuwa na ufa ulionifanya nisikie kila lililosemwa dukani. Baridi ya kule sikuwa nimeijua. Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi tumejifunika mashuka, mchana ugali wa muhogo na maharage, na siku gari la Kigoma likipita tulipata samaki, migebuka ya kukaushwa. Bi Zuhura alinitania kwa jinsi nilivyokula. "Mtoto wa pwani, ugali huu haudonolewi, unamegwa! Au unangoja nazi?" Lakini alinipenda. Alinifundisha salamu za Kiha, na alinifundisha lingine pia, bila kucheka. "Huku karibu na mpaka, jioni ukiitwa jina lako na humwoni mwitaji, usiitike. Watu wengi wamevuka mto juzi hapa, na si wote waliovuka wakiwa hai." Nikamwambia Bi Zuhura, hayo hata kwetu tunayo. "Basi kama mnayo, yashike," akasema, akaendelea kumenya vitunguu.

Kazi niliyopewa ilikuwa mbele ya Kitanga, katika kijiji kipya ambacho watu walikuwa wamehamishiwa. Mwenyekiti wa kijiji, Mha mmoja mrefu mwenye kofia ya pama ambayo haikumtoka kichwani, alilalamika kwamba kuna nyumba moja ya wakimbizi haitaki kulima. Wamepewa shamba, wamepewa mbegu, jembe wanalo, na kila nyumba kijijini imeshafungua shamba lake isipokuwa hiyo. "Mama na binti, wazima wa afya," akaniambia. "Mvua zikianguka shamba halijalimwa, lori litawachukua, watapelekwa ndani huko kwenye makazi ya wenzao. Sili njaa kwa ajili ya wavivu mie." Nikaendesha baiskeli hadi huko. Nyumba ilikuwa ya mwisho kabisa, peke yake, juu ya mteremko unaoshuka hadi mto mdogo. Ng'ambo ya mto ni Burundi. Nilipobisha hodi sikujibiwa na mbwa wala kuku.

Mama alikuwa anaitwa Skolastika. Alikuwa amekaa chini juu ya mkeka, mgongo umenyooka, na binti yake Domitila, wa rika langu, alikuwa anafuta kiti. Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, cheusi kwa kukaliwa, na binti alikuwa anakifuta kwa kitambaa chenye maji kama mtu anayemwosha mtoto. Nikakisogelea nikae. Domitila akanishika mkono. "Hapana, dada. Hicho ni cha baba." Nikaketi mkekani. Wakanipa maharage na ndizi, na nikaona mama amepakua sahani nyingine, ameifunika, ameiweka mbele ya kigoda kile. Nilikula huku naitazama sahani ile. Kiswahili cha Domitila kilikuwa cha kuokoteza sokoni lakini kilieleweka, na kwa kinywa chake mama yake akanieleza kilichotokea. Mwaka wa sabini na mbili walipokimbia, baba, Melkiori, aliwavusha hadi ukingoni, halafu akarudi kumchukua mama yake mzazi aliyekuwa hawezi kutembea. Kabla hajarudi akasema: kaeni karibu na mto, kila jioni niiteni, nikiwa karibu nitaitika. Hajaitika mpaka leo. Na katika ukoo wao shamba jipya hufunguliwa na mwenye mji, yeye ndiye hupiga jembe la kwanza. Mke akilifungua mwenyewe, basi ametangaza kuwa ni mjane. "Mama anasema," Domitila akamalizia, "yeye hatamuua baba kwa jembe."

Jua lilipoanza kuzama Skolastika akainuka, akashuka hadi kwenye jiwe lililokuwa juu kidogo ya mto. Tukamfuata. Akaweka mikono mdomoni akaita, "Melkioriii!" Mara moja tu. Halafu akainamisha kichwa upande, akangoja. Nimeshaona watu wakingoja mengi maishani, lakini kungoja kule sijakuona tena. Aliacha muda ambao mtu wa ng'ambo angehitaji kusikia, kuvuta pumzi na kujibu, na muda huo wote vyura walinyamaza, majani yakanyamaza, na wanawake wa kijiji waliokuwa wanapita na kuni kule juu walisimama wakageuzia nyuso zao pembeni. Kisha akatikisa kichwa, akasema neno, akapanda kurudi nyumbani. Nikamuuliza Domitila amesema nini. "Amesema, bado." Wallahi nilipanda baiskeli yangu nikaikanyaga hadi Kasulu sikugeuka nyuma.

Nilirudi kule mara nyingi, kwani nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, na hatimaye nikawa nalala kabisa. Woga haukuniisha, nilizoea tu kuwa nao, kama unavyozoea jino bovu. Nilimpelekea Mwenyekiti sababu ile, nikidhani nimemaliza kazi. Akanicheka mpaka kofia ikacheza. "Binti, yule mtu amekufa. Wote wa upande ule wamekufa. Waambie mumewe kafa, walie, wamalize matanga, waende kwa shemeji yao ambaye yuko huko makazi ya ndani. Yaishe!" Nikamwambia hakuna aliyeleta habari ya kifo, na kwamba wakipelekwa ndani, mtu akiitika pale mtoni atamwitikia nani? Akanitazama kwa huruma. "Wewe umetumwa kuwasaidia au umeshakuwa kama wao?" Usiku huo niliporudi kwa Bi Zuhura nililia kwa hasira. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa.

Wiki ile ile Edina akashuka kutoka lori la Kibondo, macho yamevimba. Amefelishwa. Mwalimu Ndimbo, mkufunzi wetu, alikwenda kumpima katika familia moja, akamuuliza swali mzee wa nyumba, na Edina kwa kiherehere akajibu badala ya mzee. Basi, hapo hapo. "Usimkatize, Mwanaidi," akaniambia akiwa amekaa kitandani kwangu na kikombe cha chai asichokinywa. "Akisema, wewe nyamaza. Hata akisema jua linatoka Kigoma, nyamaza. Ukifungua mdomo umekwisha." Bi Zuhura aliyekuwa mlangoni akasema huyo mwalimu anaonekana ana roho ya korosho, akatuletea maandazi. Na Mwalimu alikuwa njiani. Neno lake wakubwa wa wilaya walilisikiliza. Akisema nyumba ile ihamishwe itahamishwa, akisema ibaki itabaki. Kwa hiyo nilijua vizuri nilichokibeba. Nikinyamaza ninapotakiwa kunyamaza, nitapata cheti na huenda wale wakapata mto wao. Nikikosea, lori.

Akaja na Lendirova nyekundu kwa vumbi la Kibondo. Alikuwa mwanamume mfupi, suti ya safari imenyooshwa, viatu vinang'aa sijui kwa miujiza gani. Dukani kwa Bi Zuhura alinitaka nitaje haki za binadamu. Nikazitaja. Akakohoa. "Umejibu kama santuri," akasema. "Twende kwa watu." Mwenyekiti, aliyekuwa amekuja mjini kumpokea, alipanda mbele karibu naye, nami nikakaa nyuma na majerikeni, na kelele za injini zikanizuia kusikia alichokuwa anamweleza Mwalimu njia nzima. Nilimwona tu akinyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya mto, halafu akiukata hewani.

Tulipofika Mwalimu alivua kofia, akabisha hodi kwa adabu, akaingia. Kabla sijamaliza kuinama mlangoni, alikuwa ameshakaa kwenye kigoda cha Melkiori. Domitila alitoa sauti ndogo. Kile kitambaa cha kufutia kilikuwa bado mkononi mwake. Mama alibaki mkekani, macho yake kwa mgeni, hakupepesa. Nami maneno ya Edina yalikuwa yananizunguka kichwani. Mwalimu akaweka mikono magotini, akainamisha kichwa kama mtu mwenye malezi mema, akaanza: "Mama, Mwenyekiti amenieleza. Pole sana kwa kufiwa na..."

"Mwalimu, hapa hajafa mtu!"

Ni mie niliyesema. Na sikusema, nilipiga ukelele. Mwenyekiti aling'aka, "Binti, una adabu wewe?" Mwalimu hakugeuka kunitazama, kichwa kilibaki kimeinama na sentensi yake ikaning'inia hapo katikati ya chumba. Nikawaza, basi, umekwisha, Mwanaidi wa Pangani. Na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha nikaendelea. "Hakuna aliyeleta habari ya kifo nyumba hii. Ukimpa pole mama huyu, wewe mtu wa serikali, ndiyo utakuwa umeileta. Na hapo ulipokaa ni pa mwenyewe." Domitila, masikini, hakujua afasiri au asifasiri. Akafasiri yote. Halafu Mwalimu Ndimbo akakohoa kile kikohozi chake, akamuuliza mama, si mie, "Mama, nimekosa. Nikishakaa hapa, nifanye nini?"

Skolastika akainuka. Akanyoosha mkono juu chini ya paa, akachomoa jembe lililofungwa kwa gome la mgomba, mpini wake mpya haujaguswa na jasho la mtu. Akaliweka juu ya magoti ya ile suti ya safari. Akasema maneno machache, na Domitila akayaleta kwa Kiswahili: "Mama anasema, mtu hakai hapo bure. Aliyekaa kiti chake amemshikia nafasi. Akalime." Mwenyekiti akaanza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

Nisikilizeni, mie nimeona mengi, lakini sijaona tena mkufunzi akivua viatu vyake vinavyong'aa, akavipanga mlangoni pamoja na soksi, akakunja suruali, akaingia kwenye majani yanayomfika kiunoni. Alilishika jembe kama aliyelisahau, pigo la kwanza likaruka. La pili likazama. Mama alisimama kando yake akamwambia aseme, naye akasema kama alivyoelekezwa, "Hili ni shamba la Melkiori." Udongo ulipofunuka mwekundu, mama na binti wakachukua majembe yao wakaingia nyuma yake, nami nikaingia kwa mikono kung'oa magugu, na tukalima mpaka jua likaegemea vilima. Mwenyekiti alikuja hadi ukingoni mwa shamba akalitazama. "Haya," akasema polepole, "mradi limefunguliwa, limefunguliwa. Sina neno."

Kisha saa ya kuita ikafika. Mama akashuka kwenye jiwe na udongo miguuni, sisi sote nyuma yake, hata dereva. Akaita, "Melkioriii!" Akainamisha kichwa. Vyura wakanyamaza kama kawaida yao. Nami nilikuwa nimeshaanza kuvuta pumzi kungoja lile "bado" lake.

"Ndaje."

Ilikuwa sauti ya mwanamume. Haikuwa ya mbali wala ya karibu, na haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeshughulika na jambo, anayejibu bila kuinua kichwa. Msiniambie ni mwangwi. Mwangwi hukurudishia neno ulilolitupa, haukupi lake. Mwenyekiti alivua kofia yake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na nikaona kichwa chake ni cheupe. Dereva alishapanda mteremko, tukasikia injini inawaka. Mwalimu akamuuliza Domitila kwa mnong'ono, "Amesema nini?" Na Domitila, kana kwamba anaeleza habari za mtu aliyechelewa gulioni, akasema, "Anasema anakuja." Mama hakulia, hakukimbilia mtoni. Alipangusa mikono kwenye kanga, akapanda kwenda kupakua chakula, sahani na ile nyingine.

Njiani Mwalimu alikaa nyuma na mie, kati ya majerikeni, viatu mkononi. Malengelenge yalikuwa yameshamtoka viganjani. Tulipopita Kitanga akasema, "Nilikuja kukupima kama umejua kumheshimu mtu asiyefanana nawe, nami nikaingia nikakalia kiti cha mtu." Baadaye kidogo akasema, "Uliponikatiza, ulijua nimemfanya nini mwenzako Kibondo?" Nikasema nilijua. "Na ukanikatiza." Nikasema ndiyo. "Mwenzako alichukua neno la mzee akalifanya lake. Wewe ulikuwa unamrudishia mama yule lake." Taa za Kasulu zikaonekana. Wakati anashuka akaniuliza kama nimesikia kule mtoni. Nikamwambia nimesikia. "Hilo hatutaliandika," akasema. Nilifaulu, na nyumba ile haikuhamishwa. Kwa miaka yote iliyofuata nikikutana naye, tukiwa wazee sasa, alikuwa ananionyesha kiganja chake tu, na mie nacheka.

Domitila sasa ni mwananchi wa hapa, bibi mwenye wajukuu, anauza maharage kwa magunia Kasulu mjini, na nyumba yake ina sakafu ya vigae. Alinipokea stendi, tukalia kidogo kwa ajili ya Mwalimu, tukacheka kidogo kwa ajili ya viatu vyake. Nyumbani kwake, akiwa anapuliza jiko la mkaa uani, nikamuuliza nililokuwa nimelibeba tangu Pangani. Hivi, dada, baba alikuja?

"Kwa miguu hakuja," akasema. Akaendelea kupuliza mkaa mpaka ukashika. "Mama aliita miaka yote mpaka miguu ikakataa kushuka. Siku aliyokufa tulikuwa wote ndani, tumeshamfunika shuka, na jioni ikafika hakuna aliyekwenda kwenye jiwe. Nani angekwenda? Ndipo tukasikia ng'ambo mtu anaita, 'Skolastikaaa!' Tukatazamana. Hatukuitika, tulikumbuka yale ya Bi Zuhura wako uliyotusimulia. Akangoja, dada, vile vile kama mama alivyokuwa akingoja. Na pale kwenye jiwe tukasikia akiitikiwa. 'Ndaje.' Sauti ya mama, ile ya zamani kabla hajazeeka. Na mama tulikuwa naye hapo ndani." Akaweka birika juu ya moto. "Huwa nafikiria, wangetupandisha lori mwaka ule, baba angekuja pale mtoni akaita, akaitikiwa na nani?"

Chai ikachemka, akaipeleka sebuleni, nami nikamfuata nikitafuta pa kukaa. Makochi yalikuwa yamejaa magunia ya maharage ya msimu mpya. Palikuwa na kiti kimoja tu kitupu, pale karibu na mlango: kigoda cha miguu mitatu, kimekuwa cheusi zaidi. Kilikuwa na vumbi. Nikabaki nimesimama na kikombe changu mkononi. Domitila akaniona, akatabasamu.

"Kaa tu, dada," akasema. "Mwenyewe alishafika."